Mgonjwa wa Mazoezi

Jumatatu, 2 Agosti 1976

Leo nimepata wageni wawili barazani. Wa kwanza kuku. Wa pili kuku yule yule, aliporudi kutazama kama nimeamka.

Mwezi wa tano huu tangu duka langu lifungwe. Amri imetoka juu, maduka ya watu binafsi basi, sasa kijiji kina duka la ushirika. Muuzaji ni Mwamvua, binti wa miaka ishirini na miwili asiyejua hata kufunga chumvi kwenye karatasi. Siilaumu serikali. Nalilaumu benchi. Nililichonga kwa mikono yangu mwaka ule nilipohamia huku kutoka Ujiji, benchi la watu sita, na kwa miaka kumi na moja halikuwahi kupoa. Nikajua wananipenda. Kumbe walikuwa wanafuata chumvi na mafuta ya taa!

Mke wangu Asia yuko Ujiji kwa binti yetu Kuruthumu, alikwenda kumsaidia uzazi. Aliaga wiki tatu. Mtoto sasa anatambaa.

Jioni akapita Nestori, katibu wa kijiji. Niliinuka haraka kumpangusia benchi. Hakukaa. Alikuja kutangaza tu. Nesi anatoka Kasulu kutufundisha huduma ya kwanza, darasa litakuwa shuleni, wanatakiwa watu wanane. Mafunzo yakiisha, mmoja atachaguliwa kukabidhiwa sanduku la dawa na bendeji. Sanduku litakaa nyumbani kwake. Yeyote atakayejikata, atakayeungua au atakayeanguka ataletwa kwake, saa yoyote.

Nimeyasoma tena hayo niliyoyaandika. Yeyote. Kwangu. Saa yoyote. Nilijiandikisha kabla Nestori hajamaliza kusema.

Jumatano, 4 Agosti

Darasa limeanza. Nesi anaitwa Theodosia, mwenyeji wa Kibondo, mfupi, ana sauti ya kuweza kusimamisha lori. Somo la kwanza lilinishangaza. Mimi nilidhani tutaanza na dawa. Yeye akaanza na macho. Ukikuta ajali, alisema, simama, tazama kwanza kama mahali ni salama, kwa sababu anayekimbilia bila kutazama humwongezea nesi mgonjwa wa pili. Kisha umwite mgonjwa kwa jina. Kisha utazame pumzi. Kisha damu.

Nimeshamtambua mpinzani wangu. Reverien. Huyu bwana aliingia nchini mwaka sabini na mbili akikimbia mauaji ya kwao Burundi, akiwa na blanketi moja na mkono mtupu. Miaka minne tu! Leo anatengeneza baiskeli za kijiji kizima, na kutoka kwake mpaka shuleni anasalimiwa na kila mlango. Mimi nina miaka kumi na moja na bado naitwa yule Mswahili wa duka. Na duka lenyewe halipo.

Nesi akiuliza, Reverien anajibu. Mimi nilinyoosha mkono mara tatu. Mara ya tatu akanichagua, nikawa nimesahau nilichotaka kusema.

Alasiri nilikwenda kwake, nia yangu kulichungulia daftari lake. Nikapiga hodi mara tatu. Kimya. Nikageuka nikarudi. Marehemu mama alinilea hivyo, hodi ni tatu, usipojibiwa ondoka, mwenye nyumba ana sababu zake. Huku kwa Waha pia ndivyo, na mlango wa mtu hausukumwi. Baadaye tukakutana kisimani, akasema alikuwa nyuma ya nyumba akiziba pancha, aliisikia hodi yangu ya mwisho, akaja mbio mikono ikiwa na gundi, akakuta nimeshaondoka. Alisema alisikitika. Nikamjibu kwamba sisi watu wa Ujiji tuna adabu zetu. Akacheka, akasema siku nyingine nipige ya nne.

Ya nne! Mtu gani anapiga ya nne?

Ijumaa, 6 Agosti

Siku ya kukumbukwa. Niandike polepole.

Leo tulianza mazoezi, na mazoezi yanahitaji mgonjwa. Hakuna aliyetaka. Huku mtu mzima mwenye afya hajilazi akajifanya mgonjwa, ni kuuita ugonjwa kwa jina. Nesi akatazama darasa lote, kisha akanitazama mimi, kwa sababu muda mfupi kabla nilikuwa nimemfunga Mwamvua bendeji ya kiganja nikamfunga pamoja na kiti. Akasema Mzee Hilali atafaa zaidi akilala.

Nikalala mkekani. Reverien akapiga magoti, akanishika bega. Akasema, "Mzee Hilali, unanisikia? Usiogope. Niko hapa. Sikuachi."

Nilikaribia kulia. Nikasingizia vumbi.

Maana yake, tangu Asia aondoke hakuna mtu aliyeniuliza kama namsikia. Na hapa watu saba wameniinamia! Mmoja anahesabu mapigo ya moyo, mmoja ananifunika blanketi, mmoja amekibana kigimbi changu kwa kitambaa kilichokunjwa, kiganja juu ya kiganja, kwa nguvu, na kuuinua mguu juu ya paja lake. Kisha wakanilaza kwenye ngobyi, ile machela ya kusukwa ambayo huku hubebewa wagonjwa. Wanaume wanne wakaniinua begani, wakanizungusha kijiji kizima kwa mazoezi. Akina mama wakatoka majikoni kuuliza ni nani na anaumwa nini. Waliuliza jina langu!

Hii ngobyi ina sheria yake. Jirani akiugua, kila mwanamume hutoa bega kwa zamu, na asiyebeba hatabebwa siku yake. Mimi sikuwahi kuitwa kubeba. Wakati wa duka, mtu akiugua nilikuwa natuma sukari. Sukari badala ya bega. Walipokea na kushukuru, na mwaka wa pili wakaacha kabisa kupita mlangoni kwangu wakiwa na ngobyi. Juu kule leo, natazama mawingu, ndiyo kwanza nikaliwaza jambo hili, nalo likaniuma kidogo.

Halikuniuma sana. Nimeamua kuwa mgonjwa kila siku.

Jumatatu, 9 Agosti

Mpaka leo nimevunjika paja, nimeungua maji ya moto, nimeumwa na nyoka, nimezimia mara mbili. Nafika shuleni mapema na kulala mkekani kabla mwingine hajapata wazo. Sijivuni, ila kipaji ninacho. Nilipoungua, Immakulata wa kwaya alishindwa kuendelea, akatoka nje kupumua.

Nesi ana malalamiko madogo. Anasema mgonjwa hatoi maelekezo. Ni kweli, nilimkumbusha Mwamvua kwamba hajaniuliza ninajisikiaje. Pia nilipokuwa nimezimia niliomba blanketi la pili. Nesi akasimamisha darasa. Akasema mtu aliyezimia hajibu, hata aitwe, hata afinywe, hata nyumba iungue, na akanitaka niliandike hilo. Nimeliandika. Aliyezimia hajibu.

Baada ya darasa aliniita pembeni. Akauliza tangu Ijumaa nimeshika bendeji mara ngapi. Nikasema nimeshikwa na bendeji mara nyingi. Hakucheka. Akasema Jumamosi ni mtihani na kila mmoja atamhudumia mgonjwa peke yake, mbele ya wazee wa kijiji. Akanitajia wajibu wa mhudumu mmoja mmoja, kama mtu anayemsomea mwenzake barua mbaya. Humbagui mgonjwa. Unaitunza siri yake. Unamsitiri mwili. Hufanyi usilofundishwa. Na ukishamgusa ni wako, humwachi mpaka umkabidhi mikononi mwa anayejua kuliko wewe.

Hapo pa mwisho pananipendeza mno. Mtu ambaye sheria inamkataza kukuacha!

Jumatano, 11 Agosti

Mambo yameharibika. Nesi amenipiga marufuku mkekani. Mgonjwa sasa ni Nestori, na Nestori ana kinyegenyege, ukimshika mbavu anacheka mpaka anavunja banzi. Hiyo ndiyo wanaita mafunzo.

Mimi nilipewa mguu wa kulia uliovunjika, nikaufunga mabanzi wa kushoto, vizuri sana. Nesi akaandika kitu kwenye daftari lake. Halafu nikamsikia Nestori akimnong'oneza kwamba wazee wameshaamua, sanduku ni la Reverien, mtihani ni wa kukamilisha tu.

Barua ya Asia imefika kwa mkono wa dereva wa lori la mawese. Mistari minne. Mtoto ana meno mawili. Kuruthumu anasalimu. Nitume ile kanga ya buluu. Wassalaam. Nimeigeuza upande wa pili kutazama kama ameuliza habari zangu. Upande wa pili ulikuwa mweupe.

Nimejipima mapigo ya moyo mwenyewe. Sabini na mawili. Nikajiita kwa jina, Mzee Hilali, unanisikia? Nikaitika nasikia. Unajisikiaje? Nikajibu si vizuri. Hapo somo likaishia, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kunifunika.

Nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Naliandika hili mara moja, sitaliandika tena.

Lakini nina shauri! Keshokutwa Reverien anakwenda Kasulu kwa baiskeli kulichukua sanduku. Atarudi alasiri, peke yake, kwa ule mteremko wa mianzi wa kuingilia kijijini. Atanikuta nimelala njiani, hoi. Sasa angalia akili. Akiniacha akakimbilia kijijini kuita watu, amevunja sheria ya kutomwacha mgonjwa, na mimi nitashuhudia mbele ya nesi. Akibaki nami, basi tutakaa pamoja mpaka jua lizame na yeye atauingia mtihani wa kesho yake amechoka. Vyovyote ameshindwa. Na vyovyote mimi nitabebwa.

Ijumaa, 13 Agosti

Niandike kama ilivyotokea.

Nilisali Ijumaa, nikavaa kanzu safi, nikashuka kwenye mianzi. Mahali pa kwanza nilipolala palikuwa na siafu. Nikahama. Pa pili palikuwa na jua. Nikahama tena, nikasogea chini kidogo, nyuma tu ya kona, kwenye kivuli. Nikaona hapo pazuri zaidi, ataniona ghafla, atashtuka zaidi. Nikalala kwa ubavu kama tulivyofundishwa. Nikafumba macho.

Nikasikia kengele. Kisha nikasikia magurudumu, na yalikuwa yanakuja kwa kasi, kwa sababu baiskeli ya fundi baiskeli haina breki, breki zake huwapa wateja. Yeye hutumia soli ya kandambili. Akaingia kwenye kona.

Sikuona, nilisikia tu. Soli ikikwaruza tairi. Chuma. Mbao ikipasuka. Mianzi ikivunjika. Halafu kimya.

Nikasubiri kuitwa kwa jina.

Nikasubiri.

Nikafungua jicho moja.

Sanduku lilikuwa wazi katikati ya njia, bendeji zimeteremka mlimani kila moja na njia yake, iodini inanyweka mchangani. Reverien yuko mtaroni. Baiskeli juu yake. Kigimbi cha kushoto kimechanwa na keria ya nyuma, na damu haikuwa ya mazoezi. Ilikuwa inatoka kwa kusukumwa, inaacha, inatoka.

Nikasahau yote. Kama kuna kitu niliwahi kukijua, kilitoka. Nilisimama pale nimeshika kofia. Darasa zima siku kumi, na mimi siku zote nilikuwa chini, sikuwahi kuwa juu!

Lakini mguu wangu ulikumbuka. Ulikumbuka pale walipobana Ijumaa ile, na ulivyobanwa, na paja lililowekwa chini yake. Nikavua kanzu, nikakunja upindo wake, nikaubana pale pale, kiganja juu ya kiganja. Nikauinua mguu wake pajani kwangu. Sehemu ya kanzu iliyobaki nikamfunika. Na maneno nayo yalikuwepo, nilikuwa nimeyasikia mara nyingi nikiwa nimelala. Nikasema, "Reverien, unanisikia? Usiogope. Niko hapa. Sikuachi."

Akafumbua macho. Uso ulikuwa wa majivu. Akasema, "Mutama, wewe umeumia wapi?"

Mutama ni mzee kwa lugha ya kwao. Yeye ndiye anavuja damu, na ananiuliza mimi! Aliniona nimelala njiani, akajua naumwa. Nikamwambia sijaumia popote. Akasema ashukuriwe Mungu, akafumba macho. Nililia, na safari hii sikutafuta vumbi.

Mara mbili aliomba maji. Sikumpa, hilo nalikumbuka, mimi mwenyewe nilinyimwa nikiwa mkekani. Kwenda kuita watu sikuweza, mikono ilikuwa kazini. Nikapiga yowe. Nikapiga yowe mpaka sauti ikakatika, nikaendelea kwa ile iliyobaki. Kivuli cha mianzi kilitoka kwenye baiskeli kikafika kwenye sanduku. Nilimwuliza habari za Burundi ili asilale. Alinitajia majina ya dada zake, wanne. Sikumwuliza wako wapi.

Wakaja na ngobyi. Nesi aliteleza mtaroni na viatu vyake vyeupe, akatazama mikono yangu, akasema nisiitoe mpaka aniambie. Akafunga juu ya kanzu, akakaza, kisha akasema sasa toa. Nilimkabidhi. Niliona ugumu kuachia.

Walipoinua, pembe moja ilikuwa haina mtu. Nestori akageuka akasema, "Hilali, shika mbele."

Basi nikashika. Nikiwa na fulana na msuli, mbele ya watu wote. Tulipanda mpaka barabarani, lori likampeleka Kasulu. Bega limevimba kama andazi. Nimeliangalia kwenye kioo mara nyingi.

Waliniuliza nilikuwa nafanya nini kule mianzini. Nikasema natembea.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimekwenda Kasulu kumwona. Ameshonwa nyuzi kumi na moja. Nesi alikuwepo, akasema mtihani wangu niliufanyia mtaroni, na nimefaulu, ingawa hajui nilijifunza lini. Sanduku, amesema, nikae nalo mimi mpaka Reverien apone, kisha kijiji kitaamua. Bendeji zimeokotwa zote isipokuwa moja, ambayo mbuzi wa Nestori anaijua.

Nesi alipotoka, tukabaki wawili. Nilikuwa nimeandaa maelezo matatu tofauti. Reverien hakunipa nafasi. Amesema nesi aliuliza kilichomwangusha, naye amemwambia jiwe. Kisha akanitazama kwa muda. Anajua. Aliniona nimelala kwa ubavu, mkono chini ya shavu, kofia imewekwa pembeni isipate vumbi.

Nilimwomba radhi. Sauti haijarudi vizuri, nilimwomba kwa kunong'ona. Nikamwambia kweli yote, mpaka habari ya benchi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Akasema, "Mutama, ukitaka mtu aje kwako, mwambie njoo. Mimi ningekuja."

Nimelifikiria neno hilo njia nzima ya kurudi. Ni homa tu. Mtu amepoteza damu nyingi, hawezi kuwa na mashauri ya maana.

Alhamisi, 19 Agosti

Sanduku liko mezani. Nimelipangusa mara nne. Hakuna anayeumwa!

Mambo ya ajabu yanatokea. Jumanne alikuja Nestori, akakaa kwenye benchi. Nikamwuliza anaumwa wapi. Akasema haumwi. Nikamtazama ulimi. Akasimulia habari za mbuzi wake, akanywa kahawa vikombe vitatu, akaenda zake. Saa nzima! Sikuelewa alichotaka.

Jana Mwamvua alikuja na chumvi, kaifunga mwenyewe kwenye karatasi, vibaya, kasema ni yangu. Nikamwuliza inauma wapi. Akasema, "Haiumi popote, mzee. Nimekuja kukusalimu." Nikamfunga bendeji ya kidole kwa tahadhari. Leo walijaa. Immakulata, mama yake, Nestori tena, wazee wawili wa ukoo wa mwenyekiti wa kijiji, na Mwamvua na kidole chake. Benchi lilitosha barabara. Waliongea, wakacheka, mmoja akaniuliza kama bega limepona.

Nimekaa nikalichambua jambo hili kwa utulivu. Mtu haji kwa mtu bila haja. Zamani chumvi, sasa sanduku. Wamekuja kulitazama tu, ni geni, wiki ijayo watalizoea, na hakuna mgonjwa hata mmoja. Reverien anarudi Jumamosi na sanduku litahamia kwake. Benchi litapoa tena. Siwezi kurudia miezi ile mitano. Naandika kwa kweli, siwezi.

Mgonjwa lazima apatikane. Na mgonjwa mwenye uzoefu katika kijiji hiki ni mmoja.

Jumapili, 22 Agosti

Niliambiwa Reverien amefika jana jioni na leo atapita kusalimu. Nilijiandaa tangu alfajiri. Bendeji ya kichwa, mizunguko saba. Mkeka katikati ya chumba. Sanduku wazi kando yangu, ionekane kwamba nilijaribu kujihudumia nikashindwa. Mlango nikaurudisha, ili wakifungua wanione mara moja.

Saa nne nikasikia sauti njiani. Wengi! Na katikati ya sauti, fimbo ikigonga mawe, hatua, fimbo, hatua. Ameupanda mlima huu kwa mguu wenye nyuzi kumi na moja. Nikalala. Nikafumba macho. Nikalegeza mkono.

"Hodi," akasema Reverien.

Aliyezimia hajibu.

"Hodi."

Sijawahi kuzimia vizuri kama leo. Nesi angekuwepo angelia kwa fahari.

"Hodi, mutama. Tumekuja kukusalimu tu."

Neno karibu lilinifika kwenye meno. Meno yakalizuia. Nikasubiri mlango ufunguke.

Nestori akasema labda nimekwenda Ujiji kumfuata mke wangu, ingekuwa vizuri, maskini. Mwamvua akasema hodi tatu zimetimia. Nilimsikia Reverien akisogeza fimbo karibu na mlango, nikajua atapiga ya nne, yeye ndiye mtu wa ya nne. Hakupiga. Sisi watu wa Ujiji tuna adabu zetu, nilimwambia mwenyewe.

Hawakuondoka mara moja. Benchi lililia, wakakaa wote ili apumzishe mguu. Nilikuwa nimelala hatua tano kutoka kwao. Waliongea habari za mahindi. Nestori akasimulia nilivyobeba ngobyi na fulana, wakacheka, kicheko kizuri, hakikuwa cha kunisimanga. Reverien akasema Jumanne Nestori atampakia kwenye baiskeli, waende Kasulu kutoa nyuzi, na wakirudi watapita tena kwa Mzee Hilali. Kisha fimbo, hatua, fimbo, hatua, mpaka sikusikia kitu.

Nikainuka. Mlangoni kulikuwa na mkungu wa ndizi. Nimeweka kiganja kwenye benchi. Bado lilikuwa na joto. Nikakaa hapo na bendeji yangu ya kichwa mpaka likapoa.

Nimetafakari mchana kutwa, na kosa nimelipata. Kosa ni mlango. Mtu akizimia ndani ya nyumba, nani atamjua? Mgonjwa anatakiwa awe mahali ambapo hapapigwi hodi.

Jumanne alasiri watarudi kutoka Kasulu, wawili kwenye baiskeli moja, kwa mteremko wa mianzi. Nitakuwa nyuma ya kona, kwenye kile kivuli. Safari hii nitakwenda na mto.